Radi Imeisha Makali

Kayole, Spine Road
4 Mei 2025

Dada Triza,

Hujambo huko kwenye joto lenu? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne yuko sokoni anagombana na watu wa vitunguu kama kawaida yake. Maji yalirudi Jumanne. Kwaya ya kanisa imegawanyika tena kwa sababu ya sare, na Mama ndiye kiongozi wa wanaotaka kitenge, kwa hivyo usishangae ukisikia tumehama kanisa.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Mama anasema mara ya mwisho tulipobishana kuhusu Radi nilipiga kelele mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza nani amefariki. Amri yake ni kwamba mimi na wewe tuandikiane, barua ziende na basi la Mombasa, mpaka tujifunze kuongea kama watoto waliolelewa. Mimi, mwanamume wa miaka thelathini na mbili mwenye biashara yake!

Haya, sikiliza. Radi ya Nane, toleo jipya la mchezo wetu wa kupigana, imefika hapa gemu, kwenye chumba changu cha kuchezesha watu. Nimeiweka kwenye ile mashine ya katikati yenye televisheni kubwa, na sijacheka tangu siku hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa waliotengeneza Radi wamesifiwa mpaka wakasahau tembo lenyewe. Jiwe wangu, yule jitu mnene aliyekuwa akikanyaga chini skrini inatikisika, wamemkondesha na kumtengeneza nywele kama mwimbaji wa injili. Mama Fagio wako, mwanamke wa fimbo ndefu, hayumo kabisa! Unamnunua peke yake, kando, kama mtu anayeuziwa gari halafu anaambiwa usukani uko duka lingine.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni kitufe. Unakumbuka Fagio Kuu, lile pigo lako, ulivyojifunza likizo nzima ya Agosti mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge? Nusu duara nyuma, usimame, mbele, halafu vitufe viwili kwa pamoja. Siku hizi unachagua tu njia mpya, unabonyeza kitufe kimoja, na mtu wako anafanya yote peke yake. Juzi Mama aliniletea githeri, mahindi na maharagwe yangu ya mchana, akashika kontrola kwa utani, akabonyeza mara moja na kuniangusha. Mama! Na kwa kuwa sheria ya hapa ni ile ile, aliyeshinda anabaki kwenye kiti, Mama akakaa. Wateja walishangilia mpaka nikaona aibu kwenye biashara yangu mwenyewe.

Hamse, yule rafiki yetu ambaye baba yake anauza mbuzi Kiamaiko, ananiambia, "Griffo, wacha kulia. Gemu imefunguka, sasa kila mtu anaeza cheza." Kila mtu! Mlango ukifunguliwa kwa kila mtu, wa nini tena kuwa na mlango?

Wewe ndiye bingwa wa hapa. Jina lako liko ukutani tangu Radi ya Tano. Niandikie neno moja nimsomee Hamse mbele ya watu, kwamba Radi imeisha makali. Na kwenye shindano letu la Desemba, Siku ya Jamhuri, napiga marufuku kitufe kimoja. Utakuja, sivyo? Hujawahi kukosa.

Kakako anayechemka,
Griffins


Mikindani, Mombasa
1 Juni 2025

Kaka Griffins,

Nimepata barua na nimefurahi kusikia Mama bado anapigana na dunia. Mimi niko salama. Nthenya, ninayekaa naye chumba, anakusalimu ingawa hamjaonana. Nimemsomea ile ya githeri akacheka mpaka akamwaga chai. Mvua ni nyingi. Kazini ni kawaida. Samahani kwa mwandiko, nina haraka.

Neno unalotaka silitoi. Ulisema Radi imekwisha ilipotoka ya Nne, kwa sababu ya muziki. Ulisema imekwisha ya Sita, kwa sababu uwanja ulikuwa na theluji. Kila Radi mpya inakuwa mwisho wa dunia mpaka ukishajifunza kushinda, halafu inakuwa ya zamani na unaililia.

Na hicho kitufe kimekukosea nini? Kitufe kinarusha pigo, hakimwambii mtu alirushe lini. Hakimwonyeshi kwamba wewe ukikasirika unaruka mara mbili, na mara ya pili tumbo liko wazi. Mama hakukuangusha kwa sababu ya kitufe, alikuangusha kwa sababu ulikuwa unaangalia githeri. Kujua kuviringisha kidole si kujua kupigana, Griffins. Nimeicheza Radi ya Nane, naijua.

Usiweke hiyo sheria. Nakuomba.

Wako,
Triza


Kayole
19 Juni 2025

Triza,

Salamu. Mama mzima, goti vilevile, kwaya bado vita. Hamse amepoteza mbuzi wawili, namaanisha wamekufa kabla hawajauzwa, na ana huzuni, lakini huzuni ilimtoka nilipofanya kosa la kumsomea barua yako. Alisimama juu ya benchi! "Mmeskia? Bingwa mwenyewe amesema!" Dada, umenivua nguo mbele ya watu.

Kwanza, mwandiko huo ni wa nani? Kuku akitembea kwenye majivu anaandika vizuri kuliko hivyo. Wewe uliyekuwa ukiandikia darasa zima kadi za Krismasi! Watu wa pwani wamekulegeza mpaka kalamu.

Pili, unasema umeicheza. Uliicheza vipi? Kwa njia yetu au kwa kitufe? Hukusema, na wewe ni mtu wa kusema. Nikikufikiria umekaa mahali unabonyeza kitufe kimoja kama mtoto anayepiga kengele ya geti, nasikia vibaya mwilini. Kitufe kile ni cha wavivu, dada. Ni cha watu wanaotaka sifa ya jasho bila jasho. Sisi tulishinda njaa hapa, mchana kutwa, ili vidole vijue njia vyenyewe. Halafu kampuni fulani huko ng'ambo inaamua kwamba yale yote yalikuwa usumbufu!

Tatu, kuhusu Jamhuri hujajibu neno. Sheria nimeshaiweka. Nimempa fundi wa mabango akaandika ukutani kwa rangi nyekundu, chini kidogo ya jina lako: KITUFE KIMOJA MARUFUKU. Imetokea vizuri sana.

Jibu.

Griffins


Kayole
10 Agosti 2025

Dada,

Hujambo? Ni karibu miezi miwili. Dereva wa basi anasema barua aliikabidhi ofisini kwao na ilichukuliwa. Mama nikimuuliza anasema "Triza yuko sawa" halafu anaanza kupanga vyombo ambavyo vimeshapangwa.

Kama ni ile ya kuku na majivu, ulikuwa utani. Kama ni Radi, basi kasirika, lakini kasirika kwa sauti tusikie. Tangu lini ukaninyamazia? Ulinitupia kiatu mbele ya pasta na hatukukosana hata siku moja.

Kuna jambo na sipendi kuwa mtu wa mwisho kulijua.

Griffins


Mikindani
31 Agosti 2025

Kaka,

Nakusalimu, na nitakwambia yote mara moja kwa sababu nimechoka kukuficha na nimechoka zaidi na bango lako.

Mwezi wa Machi, pale kiwandani, mashine ya kukata vitambaa ilinikata mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada havipo. Kiwanda kinasema kosa ni langu, eti nilitoa kinga ya kisu ili nifanye kazi haraka. Kinga ile ilitolewa kabla sijaingia pale, kila aliye kwenye ile meza anajua, na kila aliye kwenye ile meza ana watoto wa kulisha kwa hivyo amenyamaza. Kazi sina tena. Nauza mahamri na Nthenya asubuhi.

Mama anajua. Alikuja kuniuguza mwezi wa Aprili, wewe ukaambiwa ni semina ya akina mama wa kanisa. Na ile amri ya kutopigiana simu, mimi ndiye niliyemwomba aitoe. Wewe hupigi simu ya kawaida, unapiga ya video, na ungeniambia nikupungie mkono. Barua nilidhani ingekuwa rahisi. Naandika na mkono wa kushoto. Ndiye huyo kuku wako.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungepanda basi uje uvunje geti la watu. Na sababu nyingine ni kwamba pale Kayole kuna chumba kimoja duniani ambamo mimi si maskini Triza, mimi ni bingwa, na sikutaka kukipoteza hicho pia.

Binamu ya Nthenya ana mashine, na Mama Fagio amemnunua. Mwezi wa Mei alinishawishi nikae. Niliweka kontrola juu ya paja. Mkono wa kushoto ukaendesha, wa kulia ukabonyeza na kidole cha kati. Kitufe kimoja. Mama Fagio akainua fimbo yake na kupiga Fagio Kuu kama zamani, na mimi nikalia mbele za watu nisiowajua. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ile ile nilipoanza kushinda tena, nikapokea barua ya kakangu inasema ninachotumia ni cha wavivu.

Jasho? Unanifundisha mimi jasho? Ni wangapi wamepita mlangoni pako wakatazama tu, ukadhani hawapendi mchezo? Hamse ana haki. Umekaa na mashine zako miaka yote hiyo na hukuwahi kujiuliza.

Sitaki huruma yako. Sitaki unitumie chochote. Nataka kuja Jamhuri na kukaa kwenye kile kiti kwa sababu nimemshinda aliyekuwa amekikalia, basi. Lakini umeniandikia MARUFUKU chini ya jina langu mwenyewe, kwa rangi nyekundu.

Triza


Kayole
7 Septemba 2025

Triza,

Leo sisalimii mtu.

Nimesoma barua nimesimama, nikasoma tena nimekaa, halafu nikafunga gemu saa nane mchana watu wakiwa ndani. Nikaenda sokoni nikamfokea Mama mbele ya wateja wake. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Ningekwambia ungefanya nini? Ungeenda kupiga watu. Triza angekuwa na mkono mmoja, na kakake ndani. Haya, shika gunia hili." Nikashika gunia. Lakini nina hasira naye bado, na nina hasira na wewe, kwa sababu mlinilaza kama mtoto mkaenda kulia wenyewe mlango umefungwa. Mimi ni nani katika familia hii?

Na hicho kiwanda. Waliondoa kinga wao, na aliyeondolewa vidole ni wewe, halafu kosa likawa lako! Nimeandika mistari kumi kuwahusu nikaichana, kwa sababu Mama husoma bahasha zangu kabla hazijafungwa. Kuna mwanamke kanisani kwetu anayefanya kazi na wakili wa mambo ya wafanyakazi. Sijakutumia chochote, ulikataa. Nambari yake iko nyuma ya karatasi hii. Uitumie au uiache.

Bango limefutwa. Nililifuta mwenyewe, na rangi ilikuwa nzuri kweli, imeacha alama ya waridi ukutani kama kidonda. Wateja wakauliza kwa nini. Nikasema ni biashara yangu.

Lakini usidhani umenigeuza. Radi imeisha makali! Wamemkondesha Jiwe, wanauza wapiganaji mmoja mmoja kama mayai, na muziki ni wa lifti. Kwenye malalamiko yangu nimeondoa kitufe tu, na hilo ni kwa sababu nilikuwa sijui nilichokuwa nikisema. Nilisema maneno ya kijinga, dada, na nimeumia kuyasoma kwenye barua yako.

Njoo Jamhuri. Hamna atakayekuhurumia. Nitakuwa kwenye kiti.

Griffins


Mikindani
16 Desemba 2025

Griffins,

Mama alinifungia kuku mzima wa njiani, mwambie alifika salama, yaani tumboni. Nthenya amekula paja. Mkono haukuvimba. Yule mwanamke wa wakili amenipigia mara mbili na tumeanza. Sasa salamu zimekwisha.

Nataka ujue nilivyorudi huku. Nilipoutoa mkono mfukoni pale gemu watu wote waliukodolea macho, na nikataka kugeuka nitoke. Hamse peke yake ndiye aliyesema, "Triza, kaa bana, unaziba screen." Nikakaa. Niliwapiga watatu. Nikampiga Hamse. Kisha ukaja wewe na Jiwe wako, kwa vidole kumi na njia ya zamani, tukafika raundi ya mwisho, mistari ya damu ya wapiganaji wetu imebaki myembamba juu ya skrini. Nikakuvizia, ukaruka mara ya pili, nikabonyeza. Mama Fagio akakufagia. Kelele ile sijawahi kuisikia hata enzi za Radi ya Tano. Nililala kwenye basi nikitabasamu peke yangu, mtu akiniona angedhani nimepata mchumba.

Nimefika, nawasha simu, nakuta Hamse ameniandikia nisijali maneno ya kakangu. Maneno gani? Nikamlazimisha. Umewaambia watu wa Kayole, ukiwa umeegemea mlango na soda mkononi, "Nilimwachia. Mlitaka nimchape mtu wa vidole vitatu, na ni sister yangu?"

Nimerudia ile raundi kichwani mpaka imeharibika. Jiwe alichelewa kuinuka. Wewe huchelewi kuinuka. Niliona hivyo hata pale, nikadhani nimekuwahi. Sasa sijui. Kile kitu kimoja nilichokipata mwaka huu kwa mikono yangu, vile ilivyo, sijui kama ni changu au ni sadaka. Kama uliniachia, Griffins, basi umenikata kidole cha tatu, na kwa hiki cha sasa sina mashine ya kuilaumu.

Na kama hukuniachia ukasema hivyo, basi wewe ndiye uliyeisha makali, si Radi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Uliandika hayo mlangoni kwako siku ulipofungua.

Sitaki salamu wala habari za goti. Uliniachia au hukuniachia?

Triza


Kayole
20 Desemba 2025

Sikukuachia.

Nilifanya mazoezi wiki tatu kabla hujaja, kila asubuhi kabla ya wateja, na Hamse akinishikia Mama Fagio. Nilimnunua huyo Mama Fagio, ambaye niliapa sitamnunua, ili nijue atakuja vipi. Nilicheza na kila nilicho nacho. Jiwe alichelewa kuinuka kwa sababu nilikuwa nimebonyeza vibaya. Kidole gumba kililowa jasho kikateleza. Mtu mwenye vidole kumi, dada, na kikateleza, kwa kukuogopa.

Ulipoondoka tu wakaanza. "Griffo amechapwa na mkono mmoja!" Mpaka mwenye duka la unga akanipungia vidole vitatu nikipita. Nikashindwa kuvumilia hata siku moja. Nikasema neno ambalo lingewanyamazisha, na likawanyamazisha, na tangu hapo kila walivyonitazama kama kaka mwema nilihisi nimeiba kitu kwenye nyumba ya Mama.

Leo nimezima mashine zote gemu ikiwa imejaa. Wakadhani ni stima, umeme umekatika. Nikapanda kwenye benchi nikawaambia kwamba nilisema uongo, kwamba sikukuachia hata pigo moja, kwamba nilitaka kukuangusha kuliko nilivyowahi kutaka kumwangusha mtu yeyote, nikashindwa. Hamse alicheka akaanguka chini kweli. Wamenizomea mpaka barabarani na hadi naandika hii kuna mmoja dirishani bado anazomea.

Kiti ni chako. Mwaka ujao nakuja kukutoa, na sitakuhurumia, kama ambavyo sikukuhurumia.

Kakako uliyempiga,
Griffins